Bajeti ya Gari la Mama

Kazini walimwita Bwana Stoo, na jina hilo lilimganda hata baada ya kustaafu, kwa sababu alilistahili. Miaka thelathini na mmoja alitunza stoo ya idara ya majengo bila kupoteza hata komeo. Mtu alikuja kutaka kilo moja ya misumari, akaondoka na kilo moja ya misumari na kuacha sahihi tatu. Ukimwambia, "Nipe tu, Bwana Stoo, nitasaini kesho," alikutazama kama umemwomba figo. Mwenyewe aliona huo ndio uaminifu. Wenzake waliona ni ugonjwa, ila wa aina isiyoambukiza, kwa hiyo walimvumilia.

Alipostaafu akabaki na gari la mama. Lilikuwa gari la marehemu baba, jeupe, la milango minne, lililonunuliwa mwaka ule kitindamimba wao alipoanza darasa la kwanza. Baba alipofariki, watoto watatu walikubaliana lisiuzwe. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba, na mara mbili kwa wiki alitakiwa kliniki. Mama alikuwa na mwili wake, Mungu ambariki, na teksi nyingi zilimpokea kwa kununa. Gari la baba lilikuwa na kiti kipana na mlango unaofunguka mpaka mwisho, na mama alikuwa amekizoea kiti chake.

Wenye gari, basi, walikuwa watatu. Dada Mkubwa, nesi mstaafu aliyemlea mama nyumbani kwake, bado aliongea na kila mtu kama amechelewa kuja na kadi yake. Wa katikati ndiye Bwana Stoo, mgane, anayeishi peke yake na kulilaza gari uani kwake. Wa mwisho alikuwa fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake. Dada hakuendesha. Ndugu wawili walipokezana usukani, na Bwana Stoo hakuweza kuvumilia kitu cha watu watatu kikae bila daftari. Akalichora mwenyewe kwa rula: tarehe, dereva, kilomita, oili, maji, sahihi. Kila asubuhi dereva afungue boneti, apime oili, atazame maji kwenye rejeta, atie tiki mbili, asaini.

Sindano alicheka siku ya kwanza mpaka akakohoa. "Kaka, hili gari au ndege?"

Lakini alitii. Kwa Sindano neno la kaka lilikuwa limekwisha pimwa na kukatwa, kazi yake ilikuwa kushona tu.

Sasa sikia kilichotokea. Mkurugenzi wa zamani wa idara, naye mstaafu, alikuwa anataka usafiri wa kwenda harusini upande wa pili wa mji, yeye na mkewe. Bwana Stoo akajitolea. Usimcheke. Katika miaka thelathini na mmoja mkurugenzi huyo hakuwahi kumwambia zaidi ya "Stoo, lile faili liko wapi?" Leo angekaa kwenye kiti cha mbele cha gari lake, bega kwa bega. Alipiga pasi shati jeupe mara mbili. Boneti ya gari lile ilikuwa na tabia ya kumpaka mtu oili, naye hakutaka kupakwa. Akafungua daftari, akaona mstari wa jana, Ijumaa: Sindano, kliniki, oili tiki, sahihi. Safu ya maji ilikuwa tupu. Akasonya, akajisemea kwamba mdogo wake atamweleza. Kisha, yeye aliyelichora daftari lile kwa mkono wake, akawasha gari bila kufungua boneti na bila kuandika neno.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Mkurugenzi aligonga dashibodi kwa kidole, akasema, "Gari la zamani namna hii, halina hata mlio."

"Siri ni utunzaji, mzee," Bwana Stoo alijibu, na kifua kikamjaa. "Gari hili halijawahi kunizimikia njiani hata siku moja. Watu wengi wanaendesha kwa bahati nasibu."

Maneno hayajapoa mdomoni, akauona mshale wa joto umeondoka katikati. Akaupa nafasi ya kurudi. Haukurudi. Walipoanza kupanda ule mlima mrefu ulikuwa umegusa nyekundu, na mke wa mkurugenzi akasema kutoka nyuma kwamba anasikia harufu kama ya kitu kitamu kinachoungua.

"Ni maua ya barabarani, mama," alisema Bwana Stoo.

Alijua la kufanya. Hata mtoto angejua: simama, zima, subiri. Lakini alipofikiria kusimama aliona picha nzima: mkurugenzi kando ya barabara ameshika koti mkononi, yeye na shati lake jeupe ameinamia moshi, na yale maneno ya utunzaji bado yananing'inia hewani. Zilibaki kilomita nne. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa wake alikuwa anautazama kwa macho mawili, umepakwa na rangi nyekundu kabisa, akaongeza mwendo. Injini ilipoanza kugonga, akaongeza sauti ya redio.

Walifika. Mkurugenzi alishuka, akapiga paa la gari kofi mbili, akasema, "Umelitunza kweli," akaingia ukumbini bila kugeuka. Mvuke ulitoka alipokwisha kuingia. Bwana Stoo akamwaga chupa sita za maji ya kunywa kwenye rejeta, akatuma ujumbe kwamba amepata udhuru, akarudi nyumbani mwendo wa kinyonga. Gari lilizimika likiingia uani na halikumwitikia tena. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hata asiye fundi anajua maana yake. Maji na oili vimeingiliana, na injini imekufa.

Jumapili Dada alikuja na maswali yake. Gari lina nini? Haliwaki. Limeanza lini? Bwana Stoo akakohoa. "Nani aliliendesha mwisho?" Dada akauliza.

Hapo ndipo alipofanya lile jambo ambalo tangu siku hiyo, akilikumbuka, hufunga macho hata akiwa peke yake. Alichukua daftari akampa. Dada akavaa miwani, akapitisha kidole mpaka mstari wa mwisho: Ijumaa, Sindano, safu ya maji tupu. Bwana Stoo hakusema uongo hata neno moja. Aliacha karatasi iseme, na karatasi ilisema vizuri kuliko yeye. Kilomita za dashibodi zilizidi zile za daftari kwa ishirini na sita, lakini katika familia ile mtu pekee ambaye angewahi kulinganisha namba hizo ni yeye mwenyewe.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Fundi Taratibu, mzee mwenye mikono mipana na maneno machache. Bwana Stoo alikuja na daftari jipya kuandika bajeti, akaanza kuuliza bei za pistoni kabla injini haijafunguliwa. Fundi akamzuia kwa kiganja.

"Usinunue kitu. Kwanza tushushe, tufungue, tuoshe, tupime. Kuna watu wananunua pistoni kwanza, halafu wanakuta silinda imekwisha kupanuliwa zamani na pistoni haziingii. Duka halirudishi pesa. Injini ndiyo inayoandika bajeti, wewe unanakili tu."

Ikashushwa kwa winchi ya mnyororo. Siku mbili fundi alifungua, na kila alichokitoa alikipanga juu ya boksi lililochanwa, kwa namba: pistoni ya kwanza mpaka ya nne, valvu kila moja kwenye tundu lake. Bwana Stoo angelipenda lile boksi katika siku nyingine yoyote ya maisha yake. Siku ya tatu fundi alimwita asogee. Alilaza rula ya chuma juu ya hedi ya silinda na kupitisha kibati chembamba chini yake. Kikapita bila kugusa. Hedi ilikuwa imepinda. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na ndani ya silinda hizo kulikuwa na mikwaruzo iliyokamata ukucha. Beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimelika mpaka shaba ikaonekana.

Kisha akaokota mpira wa maji, ule unaotoka kwenye rejeta kwenda injini, akaukunja. Ufa mrefu ukafunguka kama mdomo.

"Umeona? Ufa mpya huu. Mpira umepasuka gari likiwa mwendoni. Rejeta ilikuwa na maji ya kutosha, ndiyo maana ulipasuka kwa nguvu."

"Kwa hiyo yule aliyeliendesha kabla yake..."

"Wa kabla hana habari. Hata huyu wa mwisho, kupasukiwa na mpira siyo kosa lake, ni ajali. Angesimama palepale ningemuuzia mpira, pengine na gasketi, akaenda zake. Lakini huyu hakusimama." Fundi akachukua waya na betri, akagusa mahali fulani, na kwenye dashibodi mshale ukapanda mpaka nyekundu bila kusita. "Na mshale ni mzima. Aliuona."

Alisema hayo akiwa anafuta mikono, bila kumtazama usoni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Bwana Stoo alihisi masikio yake yakichemka.

"Nani alikuwa anaendesha?" fundi akauliza.

"Mdogo wangu."

Sasa ulikuwa uongo wa mdomo, wenye sauti, umesemwa mbele ya pistoni nne. Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Mwambie awe anasimama. Kusimama ni bure."

Bwana Stoo akaenda nyumbani akaandika bajeti. Ningependa kukwambia kwamba mkono ulimtetemeka, lakini haukutetemeka. Hakuwahi kuandika bajeti nzuri kama ile. Pistoni na ringi za saizi kubwa ya kwanza, laki tatu na nusu. Beringi, seti nzima ya gasketi, pampu ya oili. Kupanua silinda, kuchonga krenki, kusaga hedi na kukalisha valvu upya, kila kazi ya karakana na bei aliyokwenda kuiulizia sehemu tatu. Oili, filta, mpira mpya. Ufundi laki nne. Akaweka na dharura, laki moja na nusu, maana mtu mwenye akili haachi kuweka dharura. Jumla ikaja milioni moja laki nane na elfu arobaini. Chini yake akachora mstari na kuandika kichwa kingine: Michango. Hapo kalamu ilisimama kidogo, halafu akaacha nafasi wazi ili kikao kijaze chenyewe. Alijiona mwadilifu kwa kuacha nafasi ile. Binadamu ni kiumbe wa ajabu.

Kikao kilikaa sebuleni kwa Dada, mama akiwa kwenye kochi na miguu juu ya stuli. Sindano alikuja moja kwa moja kutoka kazini, tepu ya kupimia bado shingoni, akakaa kwenye ncha ya kiti. Dada alisoma bajeti yote kwa sauti, akaivua miwani.

"Mimi naona hivi. Aliyeharibu abebe nusu. Nusu nyingine tugawane mimi na kaka yako. Siyo kukomoana, ni ili mtu ajifunze."

Sindano hakupinga. Alikunja uso kama anayetafuta kitu gizani. "Lakini mimi maji niliweka, nakumbuka. Nilikuwa nimeshika lile kopo la bluu." Akahesabu siku kwa vidole. "Au ile ilikuwa Jumatano? Ijumaa mteja alinipigia simu nikiwa nimefungua boneti. Inawezekana nilifunga kabla sijaangalia." Akamgeukia kaka yake, siyo kwa hasira, kwa kuomba msaada. "Kaka, wewe uliliangalia daftari. Linasemaje?"

"Safu iko tupu," Bwana Stoo alisema kwa upole.

Upole ule ndio ulikuja kumuuma kuliko vyote. Kama angesema kwa ukali, angalau ungekuwa uovu wa wazi. Alimwangalia mdogo wake akiing'oa kumbukumbu yake iliyokuwa sahihi na kuitupa, akapanda mahali pake ile ya uongo aliyopewa na daftari. Ilichukua chini ya dakika moja.

"Basi ni mimi," alisema Sindano. "Nisameheni. Mama, nisamehe."

Mama akasema amemsamehe, ila aambiwe kesho kliniki atakwenda na nini.

Sindano aliuza cherehani yake ya ovaloki, ile kubwa ya kuzungushia kingo za vitambaa, akaongeza akiba yake, akaleta laki tisa na elfu ishirini zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha suti. Bwana Stoo alizipokea, akazihesabu mara mbili, akamwandikia risiti. Ndiyo, risiti. Sindano akaikunja vizuri akaiweka ndani ya daftari lake la vipimo, na kuondoka akiomba radhi kwa usumbufu.

Wiki tatu kazi ikaenda. Bwana Stoo alikuwa gereji kila siku, akibeba krenki kwenda kuchongwa, akirudi na bloku kutoka karakana silinda zake zinang'aa kwa ndani. Fundi alipima kila pistoni kabla ya kuiingiza, akaipaka oili, akaipigapiga kwa mpini wa nyundo mpaka ikashuka. Kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa, hata dharura haikuguswa. Bajeti ilikuwa haina kosa isipokuwa lile moja. Fundi alimpa chai, akaongea naye habari za mvua na bei ya mafuta, wala hakumuuliza tena nani alikuwa anaendesha. Bwana Stoo alikuwa anamshukuru kwa hilo na kumchukia kwa hilohilo. Usingizi ulimhama. Chakula alikila kwa sababu kilikuwa sahanini.

Siku moja mchana alipita kwenye kibanda cha Sindano kununua uzi, au hivyo ndivyo alivyojiambia. Mahali pa ile ovaloki palikuwa patupu, na kwenye sakafu zilibaki alama nne za miguu yake. Mke wa Sindano alikuwa pembeni akizungushia kingo za suruali kwa mkono, kazi ya dakika mbili anaifanya nusu saa. Mlangoni alisimama kijana mmoja na kitambaa cha suti ya harusi.

"Nenda kwa jirani pale," Sindano alikuwa anamwambia. "Ni fundi mzuri."

"Lakini mimi nimekuja kwako. Suti ya kaka yangu ulishona wewe."

"Najua. Siku hizi kichwa changu hakijatulia. Nitakusahaulia kipimo, nikuharibie siku yako."

Kijana akaondoka. Mke wa Sindano hakuinua kichwa. "Wa tatu huyo mwezi huu," alisema, siyo kwa yeyote. Kisha akamwona Bwana Stoo. "Karibu, shemeji. Tumsameheni tu huyu. Juzi nimemtuma sabuni karudi na kiberiti. Baba yake mkubwa alianza hivihivi, akaishia kutomjua hata mkewe."

Sindano alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayecheka ili aliyemtania asijisikie vibaya. Kwenye ukuta juu ya cherehani iliyobaki alikuwa amebandika vikaratasi: Zima pasi. Funga mlango. Simu ya mteja wa Jumanne. Bwana Stoo alivisoma vyote, kimoja kimoja. Mtu huyu alikuwa amekariri vipimo vya mtaa mzima, kiuno cha huyu, mkono wa yule, bila kufungua daftari. Bwana Stoo alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya pale ilikuwa saruji. Akaondoka bila uzi.

Gari lilipokamilika alilipeleka mwenyewe kwa Dada. Lilinguruma kwa upole pale mlangoni, na mama akatolewa kiti nje aliangalie. Sindano na tepu yake alikuwepo. Dada akasimama, akatoa hotuba, maana hakuweza kukaa kimya penye watu zaidi ya wawili: bajeti haikuzidi hata senti, dharura imebaki, mnaona faida ya kuwa na mtu mwaminifu katika familia.

"Gari nililiua mimi," alisema Bwana Stoo.

Walimtazama. Akarudia. Dada akatabasamu, akamshika mama bega.

"Mama unamsikia? Ndivyo alivyo. Anaona mdogo wake ameumia, anataka abebe yeye."

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema mama.

Wakamvika kilemba cha ukoka, wakakikaza vizuri. Sindano ndiye aliyemmaliza. Alimsogelea, machozi yakimlengalenga, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Kaka, usinisitiri. Kosa nimelikubali na nimelilipa. Wewe umehangaika vya kutosha."

Njia ya kurudi ilikuwa wazi na pana. Angeweza kunyamaza palepale, akabaki mwema mara mbili. Nakwambia ukweli, aliifikiria. Aliangalia chini, na macho yake yakaangukia mikono ya mdogo wake, vidole vimetobolewatobolewa na kazi ya mkono.

"Jumamosi ile nilimpeleka mkurugenzi harusini," alisema. "Mpira wa maji ukapasuka mlimani. Niliuona mshale. Sikusimama."

"Mkurugenzi yupi?" Dada akauliza. "Yule aliyekuwa hakusalimii?"

"Huyohuyo. Alikuwa amelisifia gari. Niliona haya kusimama."

Hapo ndipo walipomwamini. Anayedanganya ili kumsitiri ndugu yake hutunga jambo lenye heshima kidogo ndani yake, na hili halikuwa na heshima yoyote. Hakuna mtu angejitungia kitu kidogo hivyo. Dada alirudi kukaa. Mama aligeuza uso akawa anatazama barabara.

Sindano aliuachia ule mkono.

"Ulipompa Dada daftari, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nilipokuwa nauliza kama ilikuwa Jumatano?"

"Nilijua."

Sindano alivua tepu shingoni, akaizungusha kwenye kidole mpaka ikaisha, akaikunjua. Bwana Stoo akaanza kusema haraka haraka. Pesa zote angerudisha kesho asubuhi benki ikifunguliwa. Ovaloki angeitafuta, na kama imeuzwa tena angenunua mpya. Na mtaa mzima angeuambia...

"Pesa utaleta," Sindano alimkata. Katika maisha yao hakuwahi kumkata kauli. "Kwanza twende ukamwambie mke wangu."

"Nitampigia simu sasa hivi."

"Siyo simu. Twende umwambie umesimama mbele yake. Mimi nikimwambia sikusahau, atasema nimesahau tena."

Akachukua ufunguo mkononi mwa kaka yake. Kabla ya kuwasha alifungua boneti, akatazama maji, akafunga. Akashika mlango wa dereva, akasita, akarudi akafungua boneti tena, akatazama tena. Bwana Stoo alisimama upande wa pili wa gari, na hakuna aliyemwambia afanye chochote.

Njiani injini ilikwenda bila mlio.

Mke wa Sindano alikuwa palepale pembeni, suruali nyingine magotini. Aliwaona wanaingia wote wawili na sura zao, akamtazama mumewe kwa ile huruma aliyokuwa amejifunza mwezi huo.

"Karibu, shemeji," alisema. "Kasahau nini tena?"

"Hajasahau kitu," alisema Bwana Stoo. "Siku ile pia hakusahau."

Shemeji akachomeka sindano yake kwenye kitambaa, akaiweka suruali kando, akamngojea aendelee.